Jiwe la Mke wa Kwanza

Wiki iliyopita mvua ilimnyeshea binti yangu akitoka shuleni, akaviweka viatu vyake karibu na jiko la makaa vikauke. Niliingia jikoni nikakutana na harufu ile: raba iliyolowa ikipata moto polepole, matope yakikauka na kupasuka, moshi kidogo wa makaa. Nilisimama mlangoni mkoba ukiwa bado begani. Kwa muda mfupi nilikuwa tena na miaka kumi na moja, Jumamosi mchana, Kaloleni, Kisumu, miguu ikiniuma hadi kwenye nyayo, na Anti Perez amechuchumaa mbele ya jiko akizigeuza raba zetu upande huu na upande ule kama mtu anayekaanga samaki.

Anti Perez alikuwa mke wa baba yangu. Mama yangu mzazi, Awuor, alifariki nikiwa na miaka minne, na watu wa kwao wakamchukua wakamzika kwao Seme, kule chini karibu na ziwa. Kulikuwa na maneno kati yao na Baba. Maneno gani, hakuna aliyeniambia. Nilijua tu kwamba Baba hakukanyaga Seme tena, na kwamba jina la mama yangu likitajwa nyumbani, yeye huinuka kwenda kutafuta msumari. Alikuwa seremala, msumari wa kutafuta haukukosekana.

Perez alikuja kuishi nasi nilipokuwa na miaka kumi. Aliuza viatu vya mitumba sokoni Kibuye. Alikuwa mrefu, mwembamba, hana maneno mengi, na mimi nilikuwa nimeamua mapema kabisa kwamba sitampenda. Sikumchukia. Nilimjibu nilipoulizwa na nilikula alichopika. Basi.

Lakini alikuwa na jambo moja ambalo hata mimi sikuweza kujifanya silioni. Miezi ya baridi ilipoingia, kila Jumamosi alfajiri aliamka, akavaa kaputula yake ya bluu, akafunga kamba za raba na kutoka mbio. Shuleni alikuwa mkimbiaji wa masafa marefu, kisha maisha yakamshika akaacha. Sasa alitaka kurudi. Mwisho wa Agosti kungekuwa na mashindano ya kilomita thelathini, naye alikuwa amejiandikisha. Majirani walitoka na mabeseni yao kumtazama akipita. Mama Odhis, wa nyumba iliyopakana na yetu, alisema mwanamke wa watu hakimbii hivyo kama hakuna kitu kinachomfukuza.

Najua watu wa Limuru na Nyahururu hucheka wakisikia mtu wa Kisumu akitaja baridi. Lakini sisi tuliokulia huko tunaijua yetu. Julai inapofika, asubuhi ziwa hujifunika ukungu, watoto hutoka nje na masweta, mabati ya nyumba hudondosha maji ingawa mvua haikunyesha, na jua, ambalo miezi mingine hutupiga tangu saa mbili, huchelewa mpaka mtu akadhani limesahau. Perez aliupenda msimu huo kuliko Krismasi. "Hii ndiyo baridi tumepewa," alimwambia Baba. "Wacha niitumie kabla haijaisha."

Jumamosi moja alirudi matope yamemfika magotini. Baba alimuuliza amefika wapi.

"Leo nimegeukia Kisian. Lakini mwezi ujao nataka nifike Kit Mikayi."

Nilikuwa nachagua mawe kwenye mchele. Mkono wangu ulisimama.

Lazima nieleze, kwa asiyejua Kijaluo. Mikayi ni mke wa kwanza. Kit ni jiwe. Na wiki chache tu kabla ya hapo, dada yake Baba alikuwa amekuja kututembelea, akakaa jikoni akamwambia Perez, mimi nikisikia, "Usisahau wewe ni wa pili. Mikayi ni yule amelala Seme." Mimi nilijua makaburi ya watu wakubwa huwekwa mawe. Mzee mmoja wa kanisa letu aliwekewa la kung'aa, lenye jina na picha. Nikajumlisha, kama mtoto anavyojumlisha. Nilipomuuliza mwalimu wetu wa jiografia Kit Mikayi iko wapi, akasema bila kuinua macho kutoka kwenye madaftari, "Seme," hesabu yangu ikatimia. Mama yangu alikuwa na jiwe. Lilikuwa jiwe kubwa hivi kwamba hata mwalimu alilijua. Na mwanamke huyu aliyekuja nyumbani kwetu alikuwa anajitayarisha kwenda huko mbio, bila mimi.

Jumamosi iliyofuata nilimtangulia mlangoni nimevaa viatu vyangu vya michezo vya shule.

"Wewe unaenda wapi na hiyo sweta?"

"Kukimbia."

Alivitazama viatu vyangu. Nilitegemea aniulize kwa nini, na nilikuwa nimeandaa uongo. Hakuuliza. "Sweta utaitoa tukifika kona," alisema.

Siku hiyo tulishuka hadi Dunga. Nilikimbia mpaka mwisho wa mtaa wetu nikasikia kisu ubavuni, na njia nyingine yote ilikuwa kutembea, kukimbia kidogo, kutembea. Perez alikwenda mbele, akageuka, akanirudia, akaenda tena, kwa hiyo nadhani alikimbia umbali wangu mara tatu. Kule ufukweni mafunjo yalikuwa yamelowa umande, wavuvi walikuwa wanashusha samaki, na kwenye matope kando ya maji alinionyesha alama za kiboko, kubwa kama sahani, maji bado yakijaa ndani yake. "Amepita sasa hivi," akanong'ona. Tulirudi nyuma polepole, kisha haraka, kisha tukakimbia kwelikweli tukicheka, na mimi nilisahau kabisa kwamba nina kisu ubavuni. Baadaye nilikasirika kwamba nilikuwa nimecheka naye.

Jumamosi zikafuatana. Tulikwenda Kajulu, ambako udongo mweusi ulishika viatu hadi kila mguu ukawa na uzito wa tofali, tukavuka kijito tukiwa tumeshikana mikono. Tulipanda Riat. Kilima hicho kilinifanya nikae chini barabarani nikalia, nikamwambia kwamba sitaki tena, anirudishe nyumbani. Perez alichuchumaa mbele yangu, jasho likimtiririka puani.

"Unaangalia juu," alisema. "Ukiangalia juu kilima hakiishi. Angalia viatu vyangu. Vikienda na wewe uende. Vikisimama na wewe usimame."

Nikaangalia viatu vyake. Cha kushoto kilikuwa na kamba nyeupe na cha kulia kamba ya kahawia, kwa sababu mitumba haiji kamili siku zote. Kamba nyeupe, kamba ya kahawia, nyeupe, kahawia. Viliposimama niliinua macho, na Kisumu yote ilikuwa chini yetu, mabati yakiwaka, na ziwa limelala pale likienda hadi mahali ambapo sikuweza kusema ni maji au ni mbingu.

"Seme ni wapi?" niliuliza.

Alinyoosha mkono upande wa magharibi. "Kule nyuma."

Nilikazia macho kule.

Mpaka leo sielewi kwa nini hakuniuliza lolote katika majuma yale. Nadhani aliona mtoto aliyekuwa anamjibu kwa neno moja moja sasa anamfuata kilomita kwa kilomita, akaogopa kwamba swali lingemharibia. Mimi nami sikusema. Niliamini kwamba wakubwa wakijua ninachokitaka watanikataza, kama Baba alivyojikataza mwenyewe. Kwa hiyo tulikimbia pamoja miezi miwili karibu, kila mmoja akiwa na safari yake kichwani.

Katikati ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa, Perez akasema niko tayari. Tulipanda gari hadi Kisian, kwa sababu alisema miguu ya mtoto si ya kuchezea, na kutoka hapo tukaanza. Tulikimbia kipande, tukatembea kipande. Tulipumzika chini ya mabati ya duka tukala muhogo wa kuchemsha aliokuwa ameufunga kwenye kitambaa. Ukungu uliondoka, ukarudi. Ng'ombe walitupisha. Nilikuwa nimevaa fulana yangu ya Jumapili ndani ya sweta, na nywele nilikuwa nimezichana vizuri, na njiani niliokota maua ya manjano kando ya barabara nikayashika mpaka yakalegea mkononi. Perez aliyaona. Alidhani ni maua tu.

Nilijua tumefika kabla hajasema. Yale mawe hayafanani na kitu kingine. Yamepandana moja juu ya jingine, makubwa kuliko nyumba, kuliko kanisa, mengine yamesimama wima kama watu wanaoongea. Nilijua mama yangu alikuwa mtu wa maana, lakini sikujua ni kwa kiasi hicho.

Nilianza kuzunguka. Nilipita kwenye mianya ambako hewa ilikuwa na harufu ya popo na nta ya mishumaa. Niliyapapasa mawe kwa kiganja, chini, halafu juu kadiri nilivyofika, nikitafuta herufi. Watu walikuwa wameandika majina yao kwa chaki na makaa. Nilisoma yote. Wanawake watatu waliovaa majoho meupe walikuwa wamepiga magoti wakiomba kwenye kivuli cha jiwe. Nilingoja waseme amina, nikamwendea mmoja wao.

"Samahani, Mama. Awuor amelala upande gani?"

"Awuor gani, nyathina, mwanangu?"

"Mikayi. Mama yangu."

Yule mama alimtazama mtu aliyekuwa nyuma yangu. Niligeuka. Perez alikuwa amesimama pale na chupa ya maji mkononi, mdomo wazi kidogo.

Alikaa chini, palepale kwenye udongo. Akanivuta nikae.

"Nani alikuambia mama yako yuko hapa?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulimwambia Baba unataka kufika kwa jiwe la mikayi."

Nilimwona akiielewa hesabu yangu yote, hatua kwa hatua, sweta, Dunga, Riat, maua. Hakucheka. Ningemkumbuka kwa ubaya maisha yangu yote kama angecheka. Aliniambia taratibu kwamba jiwe hili lilikuwa hapa kabla ya mama yangu, kabla ya nyanya yangu. Zamani za zamani mzee mmoja alilipenda mno, akashinda hapo kila siku, na watu wakisema yuko kwa mke wake wa kwanza, jina likabaki. Si kaburi la mtu.

Nililia kwa sauti, kama mtoto mdogo. Nililia kwa aibu zaidi kuliko huzuni, kwa sababu wale wanawake walikuwa wanatazama, na maua yalikuwa yamekufa. Perez aliniacha nilie. Nilipomaliza aliniuliza, "Kaburi lake hujaliona?"

"Sijawahi kupelekwa."

"Hata siku moja?"

Nilitikisa kichwa. Aliyafunga maua yale kwenye kitambaa cha muhogo, tukaenda kutafuta gari la kurudi. Hatukukimbia tena siku hiyo.

Jioni ile Baba alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa mlangoni nikiosha miguu kwenye beseni. Perez alimwendea akamwambia kila kitu, bila kupamba. Nilisikia randa ikinyamaza.

"Perez, watu wale waliniambia nisikanyage kwao."

"Walikuambia wewe. Mimi hawajaniambia kitu. Na huyu mtoto hawajamwambia kitu."

"Wakikufukuza?"

"Nitakimbia. Si ndiyo kazi yangu?"

Baba hakucheka. "Utampeleka lini?"

"Jumamosi ya mwisho, kabla shule zifunguliwe. Kabla ya hapo mzigo mpya wa viatu unaingia, sina nafasi."

"Jumamosi hiyo si ndiyo mashindano yako?"

"Najua."

"Umefanya mazoezi tangu Juni. Watu wote wa Kaloleni wanajua unakimbia."

"Baba Atieno, mashindano yatakuwa tena mwaka ujao. Huyu mtoto amengoja miaka saba. Nikimwambia angoje nikakimbie kwanza, nitakuwa mtu gani?"

Nilidhani sasa Baba atakwenda kutafuta msumari. Badala yake alichukua kipande cha ubao, akatoa penseli sikioni, akaanza kuchora. Nilisogea bila kuitwa. Alichora barabara, akachora lile jiwe kubwa, akachora njia inayoshuka ziwani. "Mkifika kwenye pampu ya maji shikeni kushoto," alisema. "Kuna boma la ua wa ojuok, ile minyaa ya utomvu mweupe, mlipite. La tatu kutoka pale." Mkono wake haukusita mahali popote. Miaka saba alikuwa hajakwenda, na alikumbuka hata kisiki cha mti uliokatwa zamani. Alipomaliza aliupuliza vumbi ule ubao akanipa mimi, si Perez.

Jumamosi hiyo tulishukia karibu na mawe, tukaanza kushuka kuelekea ziwani. Mjini wakati huo watu walikuwa wanajipanga kwenye mstari na namba vifuani. Mimi sikufikiria hata kidogo. Mtoto hupokea kitu kikubwa kama anavyopokea kikombe cha uji. Nilikimbia mbele nikiwa na ubao mkononi, nikisoma njia. Pampu. Kushoto. Ua wa ojuok. Upepo wa ziwa ulikuwa baridi na ulinuka omena, dagaa wa ziwani. Tulipoliona boma la tatu, Perez alinishika bega.

"Hapa tutembee. Mtu akiingia bomani mbio, watu wanajua ni msiba."

Tulitembea. Lakini tulikuwa tumelowa jasho, tunahema, na mwanamke mzee aliyekuwa akianika omena kwenye wavu alituona hivyo, akaachia ungo ukaanguka.

"Ni nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna, Mama," alisema Perez. "Hakuna aliyekufa. Tumekuja kusalimia tu."

Lakini Dani, nyanya yangu, mama yake Awuor, hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa ananitazama mimi. Alinijia polepole, mikono yake imejaa magamba ya samaki, akanishika mashavu yote mawili, akayashika kwa nguvu hadi nikaumia. "Awuor," alisema. Kisha akajirekebisha. "Nyar Awuor." Binti wa Awuor.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya shamba la muhogo. Hakukuwa na jiwe lenye jina. Kulikuwa na tuta la udongo lililozungushiwa mawe ya kawaida, ya kuokotwa, yamepakwa chokaa, na chokaa ilikuwa mbichi, mtu alikuwa ameipaka msimu uleule. Kuku alikuwa anaparua pembeni. Dani akamfukuza kwa kanga. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima na yote yakanitoka. Nikauliza kitu cha kijinga.

"Alipenda nini?"

Dani alifikiri. "Alikuwa anaiba omena kwenye wavu, mbichi, anakula. Namchapa, anacheka, anarudi." Akacheka mwenyewe, akajipangusa macho kwa kiwiko. Nami nikacheka, na papo hapo, kwa mara ya kwanza, mama yangu akawa mtu. Kabla ya hapo alikuwa picha moja na ukimya wa Baba. Sasa alikuwa msichana mwenye magamba mdomoni.

Perez alibaki mbali, karibu na jiko la nje, mpaka Dani alipomwita. "Wewe uliyemleta, njoo ule." Hakumuuliza yeye ni mke wa nani. Alimpa kigoda, akamwekea samaki mkubwa kuliko wangu.

Yaliyofuata yalikuja taratibu. Baba alikwenda mwenyewe mwezi wa Desemba, akalala huko siku mbili, na aliporudi alilitaja jina la mama yangu mezani akiwa amekaa. Perez alikimbia mashindano mwaka uliofuata akamaliza wa tisa kati ya wanawake, Mama Odhis akipiga vigelegele kuliko watu wote. Mimi nilikimbia shuleni, nikakimbia chuoni Maseno, na bado nakimbia, polepole, Julai inapofika. Perez yuko, magoti yamemchoka, bado ni Anti. Tulijaribu neno jingine mara moja, tukacheka wote wawili, tukaliacha.

Lakini ninachokiona zaidi ni alasiri ile tulipoaga. Dani alitusindikiza, kama ilivyo desturi, nikadhani ataishia langoni. Akapita lango. Akapita ua wa ojuok. Kwenye pampu ya maji Perez alifunga kamba zake, akaniangalia, tukaanza kukimbia kidogo kidogo ili tuwahi gari. Nikasikia hatua za mtu wa tatu nyuma yetu. Niligeuka, na huyo Dani, kanga ameikamata magotini, ndala zikipigapiga, anakimbia. Watu waliokuwa wakiteka maji walisimama na ndoo zao. Akakimbia nasi kama hatua ishirini, akicheka, mpaka pumzi ikamwishia akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni.

"Mkija tena," alipaza sauti, "mje asubuhi, kabla sijachoka!"